Mama mkwe anasahau, wifi anasema ni uzee tu. Nimpeleke kwenye utafiti?

Mkamwana wa Texas
Habari zenu wanajamvi. Mimi Mtanzania, niko Fort Worth mwaka wa nane. Nimeolewa na Mmeksiko na tunaishi na mama yake, ana miaka 72 na kisukari. Tangu mwaka jana akili inamtoka kidogokidogo. Juzi nimekuta tortila (chapati za Kimeksiko) sita zimekunjwa vizuri kwenye droo ya soksi, na insulini imezikwa kwenye mfuko wa maharage. Saa kumi alfajiri anavaa viatu akasubiri lori la vibarua wa palizi ya pamba. Kazi hiyo aliiacha mume wangu hajazaliwa.

Wifi anasema "así son los viejitos", ndivyo walivyo wazee. Neno "demencia", yaani demenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, hataki kulisikia, kwao linanuka ukichaa. Mashemeji wawili wako Dallas, kila Jumapili wanapiga simu kuniambia nimpe chai ya majani gani. Wa kumuogesha ni mimi.

Hospitali tuliyokwenda mwanzo, mwanangu wa miaka kumi ndiye aliyefanywa mkalimani. Bibi akaambiwa ataje herufi za neno la Kiingereza kuanzia mwisho. Huyu aliishia darasa la tatu, kijijini Zacatecas, Meksiko! Alilia, na sasa hataki hata kusikia habari ya daktari.

Sasa kanisani wamekuja watu wa utafiti wa ubongo, wanatafuta wazee wenye asili ya Meksiko. Wanachukua damu na kupiga picha ya kichwa. Mume anasema tutageuzwa panya wa maabara. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Pole sana dada. Kwanza insulini ifungiwe leo leo, umpe wewe. Sukari ikishuka sana mtu anachanganyikiwa vilevile, kwa hiyo huwezi kujua kipi ni kipi.

Pili, utafiti si matibabu. Mpeleke kwanza kama mgonjwa: wapime vitamini B12, tezi ya shingo, sukari, na waangalie kama ana sonona. Baadhi ya hayo yanatibika. Na mkalimani ni haki yenu, bila malipo, kwa hospitali yoyote inayopokea fedha za serikali kuu. Mwombe wakati wa kupanga miadi, msisubiri kufika. Sisitiza apimwe kwa Kihispania, na kiwango chake cha shule kizingatiwe.

Mzee wa Hoja
Damu yenu, dawa yao. Nani amepona mpaka leo?

Kijana wa Maabara
Mkuu, hoja yako ina uzito, ila sikia ya Kolombia. Huko jimbo la Antioquia, mji wa Yarumal na vijiji vyake, kuna koo ambazo watu huanza kusahau wakiwa na miaka arobaini na kitu. Wenyeji waliuita ugonjwa huo "la bobera", yaani upumbavu, na wapo waliodhani ni laana. Daktari Francisco Lopera alianza kuwafuatilia miaka ya 1980 hadi ikajulikana ni hitilafu ya jeni iitwayo PSEN1. Wakajaribiwa dawa ya crenezumab kwa miaka, na mwaka 2022 majibu yakatoka: haikusaidia. Hapo una haki.

Lakini humo humo akapatikana mama mmoja, Aliria Rosa Piedrahita de Villegas. Alikuwa na jeni ile mbaya na akili ikabaki timamu mpaka akafikisha umri wa miaka sabini na kitu. Ripoti yake ilitoka 2019: alikuwa na hitilafu nyingine adimu iliyoonekana kumkinga. Sasa wanasayansi wanatafuta dawa ya kuiga kinga hiyo. Angekataa kupimwa, nani angejua?

Dada, ya mama mkwe wako si hiyo, ameanza uzeeni. Ila Marekani, Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) wazee wanapata demenshia kama mara 1.5 ya wazungu, na kwenye majaribio ya dawa ni wachache mno.

Mama Wawili
Mimi nimemuuguza baba mkwe. Fomu ya ridhaa iwe ya Kihispania, asomewe yeye, siyo nyie tu. Ulizeni: majibu mtapewa? Usafiri nani analipa? Majina yanakwenda wapi? Mkichoka mnaweza kujitoa? Wakibabaika, ondokeni.

Kama ana Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ile ya kawaida (siyo Advantage inayoendeshwa na kampuni binafsi), uliza kliniki kama ipo kwenye GUIDE, mpango wa Medicare wa kusaidia wenye demenshia na wanaowauguza, ulioanza Julai 2024. Wapo wanaopata hadi dola 2,500 kwa mwaka za kumlipa mtu akae na mgonjwa wewe upumzike. Na Alzheimer's Association, shirika la kusaidia familia zenye demenshia, wana simu ya saa 24, hata kwa Kihispania. Mpe wifi apige yeye, asikie kwa lugha yake.

Mashemeji usiwaombe ushauri tena. Wape zamu ya Jumamosi.

Kuhusu lori: usimbishie. Mwambie limechelewa, mnywe kahawa kwanza.

Mkamwana wa Texas
Ahsanteni. Wifi amepiga ile simu, wamezungumza karibu saa nzima, akatoka macho mekundu. Miadi ni tarehe 14, na mkalimani tumeshaomba. Utafiti tutauliza baadaye, na atakayejibu ni bibi mwenyewe.

Leo alfajiri nimemwambia lori limechelewa. Akakaa, akavua kiatu kimoja. Akaniuliza mimi mtoto wa nani, nikamjibu natoka mbali. "Basi una njaa," akasema, akaenda kwenye droo ya soksi.