Mfumo wa vyeti vya dawa: wa sava ya kituoni au wa kulipia kila mwezi?

MamaZahanati
Wadau, habari za kazi. Tunataka kuachana na vyeti vya mkono, daktari akiandika dawa ionekane papo hapo dirisha la dawa. Tumeletewa mbili: (a) programu ya kukaa kwenye sava yetu (kompyuta kuu ya hapa kituoni), unalipa mara moja, (b) ya mtandaoni, unalipa kila mwezi. Bosi anataka jibu Ijumaa. Tuchukue ipi?

Mfamasia_Moro
Dada, mbona hujatueleza kitu? Wagonjwa wangapi kwa siku? Dawa mnatoa wenyewe au wananunua nje? Umeme je?

Kijiti77
Chukueni GoTHOMIS, yaishe.

MamaZahanati
Kijiti, ile ni ya vituo vya serikali, sisi ni binafsi. Wagonjwa 60 hivi, siku ya kliniki wanazidi. Dawa tunatoa wenyewe, zikiisha tunawaandikia wakanunue nje. Umeme unakatika sana.

fundi_mtandao
Basi (a). Mtandao ukikata saa nne asubuhi, hiyo (b) inawaachia foleni hadi barabarani. Sava ndogo, betri ya akiba, waya hadi dirishani, kazi inaendelea. Ila nakala za kila siku zihifadhiwe nje ya jengo.

DktPembeni
Mnabishania sava wakati swali ni mfumo unakagua nini. ALu, dawa mseto ya malaria, kwa mtoto inaenda kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja kila dozi, 15 hadi chini ya 25 viwili. Mfumo unaokubali dozi bila uzito haujanisaidia. Na mgonjwa mwenye aleji ya penisilini, nikimwandikia amoksilini, ya kundi hilo hilo, unizuie hapo hapo, kabla hajafika dirishani.

Mfamasia_Moro
Daktari kasema. Ngoja niwasimulie, kituo sikitaji. Tulifungiwa mfumo tukafurahi, miandiko ya kukodolea macho imekwisha. Akaja kijana wa kifafa, anatumia carbamazepine. Daktari akachapa "carb", orodha ikashuka na carbamazepine, chini yake carbimazole, ambayo ni ya tezi la shingo. Akabofya ya chini. Cheti kikafika dirishani kisafi, kinasomeka, mhudumu akatoa dawa bila kuuliza. Ingekuwa karatasi yenye mwandiko mbovu angepiga simu, "daktari, hapa umeandika nini?" Kijana akaanguka kifafa jikoni, mkono ukaungua. Tulimbana muuzaji aweke ugonjwa kando ya dawa, uonekane na dirishani. Akatuzungusha miezi.

Kijiti77
Kwa hiyo karatasi ni salama zaidi?

Mfamasia_Moro
Hata kidogo! Karatasi inapotea, "1x3" inasomwa "1x2", na daktari anaandika dawa iliyokwisha stoo tangu juzi. Kwenye mfumo anaona salio kabla hajaandika. Wa presha na sukari ndio wanaofaidi zaidi, dawa zao za mwezi uliopita zipo pale pale. Ninachotaka ni mfumo uulize maswali.

Msafiri_Leeds
Huku Uingereza cheti kinatumwa kwa kompyuta kwenye duka la dawa unalochagua. Muulize wa (b) kama anaweza kutuma kwa maduka ya nje.

fundi_mtandao
Maduka ya mtaani yapokelee wapi? Na taarifa za wagonjwa zitakaa sava ya nchi gani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, isomeni kabla ya kusaini.

DktPembeni
Sheria ianze na neno la siri. Daktari anatoka kula, mwingine anaendelea kuandika dawa kwa jina lake. Hilo nimeliona (a) na (b) zote.

MamaZahanati
Asanteni sana. Wa (b) anasema uzito upo ila si lazima kujaza. Wa (a) hapokei simu. Halafu cheti cha nje, printa ya risiti inatosha?

Kijiti77
Ya risiti inafutika kwenye jua. Chukua ya karatasi kubwa.

fundi_mtandao
Wino wake umeuliza bei?