Naombeni ushauri: nimealikwa mlimani Colorado na theluji imenguruma chini ya miguu yangu

MtuWaMoshi
Wakuu, salaam. Niko Denver mwaka wa pili. Theluji nilizoea kuitazama kwa mbali tu, juu ya Kibo. Wenzangu kazini ni watu wa skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao za miguuni, ila si ile ya kulipia tiketi: wanapanda wenyewe milima ya Berthoud Pass kisha wanashuka.

Jumapili nilienda nao. Tukikatiza uwanda mmoja, chini yangu ikatoka sauti nzito, "vuump", kama gunia la mahindi limebwagwa kwenye sakafu ya mbao. Theluji yote ikatitia kidogo na ufa ukakimbia mbele yangu hatua kama kumi. Wakasema ni kawaida, inajipanga.

Jumamosi wanataka kupanda juu zaidi. Utabiri unasema hatari ya maporomoko ya theluji ni 3 kati ya 5, nao wanadai 3 ni katikati. Moyo wangu unakataa. Niende?

BintiTanga
Mdogo wangu, hapo kwenye ufa mwili umenisisimka. Nina miaka 14 hapa na nimesoma kozi ya maporomoko ya theluji. Hiyo sauti ni tabaka dhaifu limevunjika chini yako. Mngekuwa kwenye mteremko mkali, usingeandika uzi huu.

Theluji ya Oktoba na Novemba hapa huwa haba. Ardhi ina joto kuliko hewa, mvuke unapanda, chembe zinageuka kama sukari ya mezani. Chimba hadi chini uchote kiganjani: ukifinya haishikani, inachuruzika vidoleni. Dhoruba za Januari zinaweka bamba zito la theluji juu ya sukari hiyo, na linakaa likisubiri uzito wa mtu.

Ngazi ya 3 maana yake mtu kuliangusha bamba ni jambo la kutarajiwa. Vifo vingi hutokea siku hizo, maana ikifika 4 au 5 wengi hukaa nyumbani.

Kivumbi_Mkuu
Mbona watu wanapita kila wiki wanarudi salama? Fuata alama za skii za waliotangulia.

BintiTanga
Hapana, kaka. Wa kwanza anaweza kupita penye bamba nene, wa tano akakanyaga karibu na mwamba ambapo ni jembamba, likakatika lote. Alama zinaonyesha tu kwamba mtu alipita.

NipoTromso
Naunga mkono. Maporomoko mengi huanzia miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, yaani mkali kama ngazi za nyumbani au zaidi. Ila usidhani ukiwa chini uko salama. Tarehe 20 Aprili 2013 kule Sheep Creek, karibu na Loveland Pass, watu 6 walikuwa chini ya mteremko wakielekea kwenye miti. Theluji ya mteremko huo iliwashukia, wakafa 5. Vifaa walikuwa navyo.

MtuWaMoshi
Asanteni sana. Kwani vifaa ni vipi? Mmoja amesema ataniazima koleo.

NipoTromso
Koleo peke yake halitoshi. Kila mtu awe na vitatu: kifaa cha mawimbi ya redio kinachovaliwa kifuani ili ukifukiwa utafutwe, fimbo ndefu ya kudunga theluji kumtafuta aliye chini, na koleo. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10, mara nyingi anapona. Ikifika nusu saa, wengi wamekosa hewa. Theluji ikishasimama inakuwa ngumu kama saruji, hata kidole huinui. Msaada wa helikopta haufiki kwa muda huo. Mwokoaji wako ni uliyeongozana naye, kwa hiyo muulize alifanya mazoezi lini.

MtuWaMoshi
Nimewauliza. Wawili hawajawahi kufanya hata mara moja, mmoja betri zake ni za msimu uliopita. Nimewaambia juu siendi. Mmoja amekubali tutembee bondeni msituni, mbali na miteremko, na leo jioni tunafukia kifaa kimoja bustanini tujifunze kukitafuta. Dada BintiTanga, naomba nikutumie ramani ya njia uniangalizie kama kuna mteremko unaoning'inia juu yake.

BintiTanga
Tuma sasa hivi, niko macho.