Mtoto wa miaka 6 pua inaziba kila ikifika Mei, na dawa ya matone imegoma. Nifanyeje?

Mama G wa Ngaramtoni
Wakuu salaam. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu, au wataalamu wa afya kama mmo humu.

Nina kijana wa miaka 6, yuko darasa la kwanza, ana kilo 19. Tupo Arusha. Kila masika yakikatika, nyasi zikishakuwa ndefu na kutoa vichwa, anaanza chafya za mfululizo asubuhi, kamasi jepesi kama maji, macho mekundu yanamwasha. Homa hana, chakula anakula. Kutwa anasugua pua kwa kiganja kwenda juu, mpaka imeweka kamstari katikati. Usiku pua inafunga kabisa, anahema kwa mdomo na kukoroma kama mzee. Mwalimu kaniita, anasema mtoto anasinzia darasani.

Nampa Piriton asubuhi na jioni. Amoksilini keshatumia, hakuna kilichobadilika. Na kuna matone ya kufungua pua, niliambiwa dukani nimwekee kila inapoziba. Siku za mwanzo yalikuwa kama muujiza. Hii ni wiki ya tatu sasa, nikimwekea inafunguka masaa mawili matatu halafu inaziba kuliko mwanzo. Bila tone halali.

Jirani anasema kuna sindano moja ukipigwa unasahau aleji mwaka mzima. Mama mkwe anasema shida ni jakaranda za barabarani. Nimechoka, nisaidieni.

Mzee wa Kijiwe
Pole sana dada. Ngoja waje wataalamu. Naweka kambi hapa, wa kwangu naye ni hivyo hivyo.

Mfamasia wa Mtaani
Mama G, kwanza chukua hicho kichupa usome. Kimeandikwa dawa gani, na asilimia ngapi?

Mama G wa Ngaramtoni
Zailometazolini 0.1.

Mfamasia wa Mtaani
Nilihisi. Hiyo 0.1 ni ya watu wazima, ya watoto ni 0.05. Na hata hiyo ya watoto, walio chini ya miaka 6 hawatakiwi kuwekewa kabisa, na kuanzia miaka 6 haitakiwi kuzidi siku 5 mfululizo.

Sababu ni hii. Pua inapoziba si kwamba imejaa makamasi tu. Mishipa midogo ya damu ndani yake imevimba na njia imekuwa nyembamba. Matone yale yanaibana mishipa kwa nguvu, ndiyo maana unaona muujiza. Dawa ikiisha nguvu, mishipa inalegea na kuvimba zaidi ya ilivyokuwa. Unaongeza tone, inabana, inalegea tena. Ikifika wiki ya pili ya tatu, kinachoziba pua si aleji peke yake, ni matone yenyewe. Kwa hiyo mwanao ana matatizo mawili kwa sasa, na hilo la pili linaisha ukiacha.

Kuacha ghafla kunatesa, wengi hushindwa usiku wa kwanza. Mbinu inayosaidia ni kuacha tundu moja kwanza. Tundu la kulia usiliwekee kabisa, la kushoto endelea kidogo usiku tu ili apate kulala. La kulia likishazoea, unaacha na la kushoto. Kwa kawaida pua inarudi sawa ndani ya wiki moja au mbili. Wakati huo matundu yote mawili mwekee maji ya chumvi, yale matone ya famasi ya asilimia 0.9. Hayo hayana idadi ya siku, weka hata mara nne kwa siku.

Amoksilini: inaua bakteria, na aleji haina bakteria wa kuuawa. Achana nayo.

Piriton: inazuia mzio, ila ni dawa ya zamani, inapanda kichwani na inalaza. Mtoto usiku halali kwa pua, asubuhi unampa dawa ya usingizi, mwalimu aone nini? Muombe daktari akubadilishie iwe setirizini au loratadini. Setirizini ya maji yenye miligramu 5 kwenye mililita 5, mtoto wa miaka 6 hadi 11 huanzia mililita 5 kwa siku, na daktari anaweza kumpa asubuhi na jioni. Loratadini, aliye chini ya kilo 30 ni miligramu 5 mara moja kwa siku. Chagua moja, usichanganye, na usiongeze Piriton juu yake. Pima kwa sirinji au kikombe cha dawa. Vijiko vya chai vya nyumbani havifanani.

Lakini nikuambie ukweli: dawa hizi zinatuliza chafya, kamasi na muwasho. Kwenye kuziba zina nguvu ndogo. Kwa pua iliyoziba hivyo, dawa yenyewe ni ile ya kupuliza puani yenye steroidi (dawa ya kushusha uvimbe), mfano flutikasoni au mometasoni. Kwa hiyo mwende hospitali aonwe, aandikiwe.

Baba Junior
Mkuu hapo kwenye steroidi nakupinga. Mtoto wa miaka 6 unampa steroidi? Tunawaona watu wamevimba mashavu kama maandazi, mifupa imeisha. Mtamharibu mtoto wa watu.

Mfamasia wa Mtaani
Baba Junior, hofu yako ina msingi, ila unaichanganya dawa ya kumeza na ya kupuliza. Aliyevimba mashavu alimeza vidonge au kudungwa kwa muda mrefu, kwa miligramu. Mpulizo mmoja wa flutikasoni ni mikrogramu 50. Mikrogramu 1,000 ndiyo miligramu 1. Na kinachoingia kwenye damu kutoka puani ni kidogo sana. Mtoto wa miaka 4 hadi 11 kawaida ni mpulizo 1 kila tundu, mara 1 kwa siku. Daktari mzuri atampima urefu kila akirudi, kwa sababu akitumia mfululizo muda mrefu kasi ya kukua inaweza kupungua kidogo, ndiyo maana tunataka dozi ndogo kabisa inayotosha.

Unayopaswa kuiogopa ni ile sindano ya jirani. Hiyo ndiyo steroidi hasa, dozi nzima inazunguka mwilini kwa wiki kadhaa na huwezi kuitoa ikishaingia. Inashangaza watu wanaikimbia ya puani wanaikimbilia ya matakoni.

Baba Junior
Sawa, hapo umenielewesha kidogo. Ila mimi wangu simpi.

Bi Habasoda
Jamani mbona mnahangaika. Mafuta ya habasoda, tone moja kila tundu usiku, na juisi ya kitunguu saumu. Sisi tumelelewa hivyo, hospitali tulikuwa hatuzijui.

Daktari Kanzu Nyeupe
Bi mkubwa, shikamoo. Habasoda kwenye chakula sina neno, ila mafuta yasiingie puani kwa mtoto. Amelala, yanateleza nyuma ya koo mpaka kwenye mapafu, na pafu halina njia ya kuyatoa, yanaleta nimonia yake ya aina yake. Kitunguu saumu kinaunguza ngozi laini ya ndani ya pua. Na kabla hajaja wa majani ya mkaratusi: kumfunika mtoto blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto, tunaishia kutibu vidonda vya moto mapajani.

Mama G, Mfamasia amemaliza sehemu kubwa. Naongeza yanayotakiwa kukukimbiza hospitali mapema. Akikohoa usiku au akikimbia, au kifua kikitoa mluzi, ni pumu hiyo mpaka ithibitike siyo. Aleji ya pua na pumu mara nyingi hukaa nyumba moja, na ya pua isipotulizwa ya kifua haitulii. Kamasi likiwa zito lenye harufu na linatoka tundu moja tu, usiwaze aleji, waza punje ya harage, shanga au sponji la godoro. Nimetoa vyote hivyo kwenye pua za watoto. Na kama anakoroma mwaka mzima, si Mei tu, aangaliwe nyama za nyuma ya pua.

Na jakaranda msizionee. Zinachanua Oktoba na Novemba huko Arusha, na chavua yake ni nzito, inabebwa na nyuki. Ua likiwa zuri la kuvutia nyuki, mara nyingi si lenyewe. Adui ni nyasi, ambazo hakuna anayezitazama. Chavua yake ni nyepesi, inapeperushwa na upepo, na inatoka hasa pale mvua zinapoisha. Mei yako hiyo.

Nyota ya Pwani
Hujambo mamangu, nami niko Mombasa. Wangu hana Mei wala Desemba, ni mwaka mzima. Daktari alituambia huku joto na unyevu ni raha ya vijidudu vya vumbi, vinakaa kwenye magodoro na mito. Tulikuwa na mito ya sufi aliyotupa bibi, ukiipiga kofi mbele ya dirisha vumbi linapaa kama moshi. Tukaitoa. Zulia la chumba cha watoto tukalitoa. Kufagia kavu akiwa ndani hakuna, ni kupiga deki kwa kitambaa kimbichi. Mashuka yanafuliwa kwa maji ya moto kila wiki.

Lililokuwa gumu ni udi. Nyumba yetu chetezo hakizimi Alhamisi mpaka Ijumaa, na mamangu mzaa chema alinuna nilipomwomba aufukize barazani. Lakini moshi ni moshi: udi, ubani, dawa ya mbu ya kuzungusha, makaa. Pua ambayo tayari imevimba haivitaki.

Mama Wawili Moro
Naunga mkono dawa ya kupuliza, wangu ilimsaidia sana, ila watu wengi hawajui kuitumia halafu wanasema haifanyi kazi. Nilivyoelekezwa na nesi:

Apenge kwanza. Tikisa chupa. Ikiwa mpya, puliza hewani mpaka utoke ukungu. Kichwa kiinamie mbele kidogo, asitazame dari. Ncha ya chupa ielekee nje, upande wa sikio la tundu hilo hilo, usielekeze katikati kwenye ule ukuta, maana hapo ndipo inapokwangua na kutoa damu. Kwa hiyo tundu la kulia tumia mkono wa kushoto, la kushoto mkono wa kulia, inajielekeza yenyewe. Bonyeza huku akivuta hewa taratibu. Akivuta kwa nguvu kama anayevuta kamasi, dawa yote inaishia kooni, ataisikia uchungu.

Na muwe na subira. Siyo kama yale matone. Tulianza kuona nafuu baada ya siku kadhaa, ikakaa sawa kwenye wiki ya pili. Mume wangu siku ya tatu alishataka kuitupa.

Mzee wa Kijiwe
Mimi wangu waliniandikia vidonge vya kutafuna vya montelukasti. Vipi hivyo wakuu?

Daktari Kanzu Nyeupe
Mzee, kama ana pumu pia vina nafasi yake. Kwa aleji ya pua peke yake, siyo vya kuanzia. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kabisa kwenye dawa hiyo kwa sababu ya mabadiliko ya tabia: jinamizi usiku, hasira, huzuni, hata mawazo ya kujidhuru. Wengi hawapati, ila mzazi ujue cha kuangalia. Je, wako amebadilika tangu aanze?

Mzee wa Kijiwe
Dah. Anaamka usiku analia, tulidhani katuni. Narudi kwa daktari wake kesho.

Mama G wa Ngaramtoni
Wakuu, mrejesho. Tumeonana na daktari wa masikio, pua na koo. Kamulika ndani, kasema ni aleji, na uvimbe mwingine ni wa matone kama Mfamasia alivyosema. Kifua kiko safi. Kampa flutikasoni mpulizo 1 kila tundu asubuhi, setirizini jioni, maji ya chumvi. Piriton imesimama. Usiku wa kwanza bila tone upande mmoja tulikesha, sikufichi. Sasa hivi analala mdomo umefungwa. Mwalimu naye kasema afadhali.

Shuleni wanakata nyasi kwa fyekeo asubuhi ya Jumatatu, watoto ndio wanazikusanya. Nimeomba wa kwangu apewe kufuta madawati, wamekubali. Akirudi anaoga na kubadili nguo kabla hajapanda kitandani.

Swali: hii ya kupuliza naiacha lini? Na mdogo wake ana mwaka na nusu, naye anatoa kamasi, naweza kumpulizia kidogo kutoka chupa hiyo hiyo?

Mfamasia wa Mtaani
Safi sana. Usiache kwa sababu ameamka vizuri leo. Endelea mpaka daktari akuambie, kwa kawaida ni mpaka msimu wenyewe upite, nyasi zikauke. Mwakani muulize kama mnaweza kuanza wiki mbili kabla, mwishoni mwa Aprili, pua haijavimba bado. Ukianza mapema dozi ndogo inatosha.

Mdogo wake hapana. Umri wake haujafika kwa hiyo dawa, na kichupa cha puani ni cha mtu mmoja. Kwa mwaka na nusu kamasi nyingi ni mafua ya kawaida tu. Tone la maji ya chumvi, umvute kamasi kwa kile kipira, anyonye na kunywa vizuri. Usimpe dawa za mafua za mchanganyiko, na prometazini (dawa nyingine ya zamani ya aleji, nayo inalaza) isimguse kabisa, chini ya miaka 2 inaweza kumzuia kupumua. Akipata homa, akihema haraka au akikataa kunyonya, mpeleke siku hiyo hiyo.