Tupeane uzoefu: Unapimaje mapato ya muvi ya mashujaa bila kupotezwa na kelele za mashabiki?

KipimoSafi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habarini. Kila muvi ya Marvel au DC inapokaribia kutoka, mitandaoni tunagawanyika: hawa wanaapa itafika bilioni, wale wameshaichimbia kaburi. Namba zikitoka, wote wanaulizana imekuwaje. Naomba uzi huu uwe wa njia zinazofanya kazi: utazame nini, lini, ukokotoe vipi, na hesabu hukosewa wapi. Namba zote ziwe milioni za dola. Tukisema "ndani" ni Marekani na Kanada, kwa sababu Hollywood huzihesabu kama soko moja.

Naanza na Alhamisi. Tarehe rasmi huwa Ijumaa, lakini kumbi za Marekani huanza kuonyesha tangu Alhamisi alasiri au jioni. Pesa ya usiku huo hutangazwa Ijumaa asubuhi yao, ambayo Afrika Mashariki ni alasiri, kisha huingizwa kwenye hesabu ya Ijumaa. Usiihesabu mara mbili, ni kosa linalorudiwa kila mwezi.

Gawanya mapato ya wikiendi ya kwanza kwa pesa ya Alhamisi, jibu ndilo kizidisho. Muvi inayobebwa na mashabiki wa damu hutoa 5 hadi 6. Spider-Man: No Way Home (2021) ilipata 50 Alhamisi na 260 wikiendi nzima, yaani 5.2. Avengers: Endgame (2019) ilipata 60, ikafunga na 357, karibu 6. Muvi ikivuta watu wa kawaida na familia, kizidisho hupanda: Black Panther (2018) 25 kwa 202, yaani 8, Wonder Woman (2017) 11 kwa 103, zaidi ya 9.

Kwa hiyo Alhamisi kubwa inakuambia mashabiki wamefika. Haikuambii kama Jumamosi mchana mama atabeba watoto. Mwaka 2023 Ant-Man and the Wasp: Quantumania na Guardians of the Galaxy Vol. 3 zote zilipata 17.5 Alhamisi. Ya kwanza ikafunga wikiendi na 106, ya pili 118, na baada ya hapo zikatengana kabisa. Julai 2025 The Fantastic Four ilipata 24.4 Alhamisi, juu ya 22.5 za Superman ambazo tayari zilijumlisha maonyesho ya mapema. Mashabiki wakatangaza ushindi usiku uleule. Jumatatu ilipofika ilikuwa 117.6 dhidi ya 125, Superman ikiwa mbele.

BintiHesabu

Asante mkuu kwa uzi. Mimi naona mahali pa kukaa sana ni wikiendi ya pili, na dalili yake huonekana Ijumaa usiku kupitia CinemaScore.

Hii ni kampuni ya Marekani inayopima maoni ya watazamaji, ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Usiku wa kwanza huwagawia watazamaji kadi kwenye kumbi walizozichagua, na majibu hutoa daraja kuanzia A+ hadi F. Kosa kubwa ni kuisoma B kama B ya shuleni. Waliojaza kadi ni watu walionunua tiketi siku ya kwanza, yaani waliokuja na mapenzi yao tayari. Hao wakikupa B, jiulize atasema nini yule ambaye bado anasitasita nyumbani.

Tazameni walioipata B. Batman v Superman (2016): wikiendi ya kwanza 166, ya pili ikaanguka asilimia 69, ndani ikaishia 330, yaani haikufika mara mbili ya ilikoanzia. Quantumania: 106, anguko la takriban asilimia 70, mwisho 214. The Flash (2023): 55, mwisho 108. The Marvels (2023): 46, anguko la asilimia 78, mwisho 84.5. Captain America: Brave New World (2025) ilipata B-: siku tatu 88.8, mwisho 200. Ukiona B, zidisha wikiendi ya kwanza kwa 1.8 hadi 2.3 ukadirie jumla ya ndani, usisogeze zaidi hata kama moyo unakataa.

Daraja A hukupa pumzi. Guardians Vol. 3 ile iliyoanza na Alhamisi sawa na Quantumania ilianguka asilimia 48 tu, ikafika 359, mara tatu. Deadpool & Wolverine (2024) 211 kwa 636, mara tatu pia. Wonder Woman 412, mara nne.

A- ndiyo yenye utata. Mwaka 2025 Thunderbolts*, Superman na The Fantastic Four zote zilipata A-, lakini vizidisho (hapa ni jumla ya ndani kugawanya kwa wikiendi ya kwanza) vikawa 2.6, 2.8 na 2.3. Hapo daraja peke yake halitoshi, itabidi usubiri Jumatatu na Jumanne uone kama watu wanaenda siku za kazi.

Tena msilifanye sheria ya chuma. Endgame ilikuwa na A+ na bado ndani ilizidisha 2.4 tu, 357 kwa 858. Watu hawakuichukia, karibu kila aliyetaka kuiona alikimbilia siku tatu za kwanza, akihofia kusimuliwa nani amekufa.

Mlinzi wa Trela

Niongeze upande wa kelele zenyewe, maana zina aina zake na kila aina inapotosha kwa njia yake.

Takwimu ya "trela imetazamwa mara kadhaa ndani ya saa 24" hujumlisha mitandao yote, pamoja na video zinazojicheza zenyewe mtu akipitisha kidole. Haina uhusiano wa moja kwa moja na tiketi. Ukitaka kuitumia, ilinganishe na trela ya muvi ya aina ileile, ya miaka ya karibuni.

Vichekesho vya mitandaoni navyo ni mtego. Morbius (2022) ilianza na 39, watazamaji wakaipa C+, ikafifia. Kisha mitandao ikalipuka kwa utani juu yake hadi studio ikairudisha Juni kwenye kumbi zaidi ya 1,000. Wikiendi nzima ikakusanya kama dola 300,000. Gawanya: karibu dola 300 kwa ukumbi kwa siku tatu. Kwa bei ya tiketi ya Marekani hao ni watu wasiofika 30 kwa ukumbi, Ijumaa hadi Jumapili. Zoea kugawa kwa idadi ya kumbi kila unapoona namba, ndipo utajua kama ukumbi umejaa au ni mwangwi.

Halafu kuna sifa za walioalikwa. The Flash ilionyeshwa nzima CinemaCon, mkutano wa wenye kumbi za sinema, Las Vegas, Aprili 2023, na maneno yaliyotoka yalikuwa matamu. Juni ikaanza na 55. Maoni ya kwanza ya mitandaoni huruhusiwa siku kadhaa kabla ya tahakiki kamili, na wanaoyaandika ni wageni waalikwa. Mimi hutazama tahakiki kamili zimeruhusiwa lini. Zikizuiwa hadi siku moja kabla ya muvi kutoka, punguzeni makadirio.

Hasira nazo hudanganya vilevile. Kabla ya Captain Marvel (2019), Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya tahakiki, ilifikia kuondoa ile asilimia ya "wanaotaka kuiona", wakati muvi hiyo ikiandamwa vikali mtandaoni. Ikaanza na 153 na dunia nzima ikapita 1,100. Na kwenye tovuti hiyo kumbukeni jambo moja: asilimia ya wahakiki ni idadi ya walioikubali, haisemi wameipenda kiasi gani. Wahakiki 90 kati ya 100 wakisema "si mbaya", inasomeka 90.

Mgeni_wa_Pwani

Ndugu zangu, kwa Captain Marvel na The Marvels kuna kitu mnakiruka. Wengi walichukua 153, wakakata nusu, wakasema "hata ikishindwa itapata 75". Ikapata 46. Msingi wa kulinganisha ulikuwa mbovu. Captain Marvel ilitoka Machi 2019, katikati ya Avengers: Infinity War na Endgame, na mwisho wa Infinity War ulikuwa umeonyesha alama yake. Watu waliingia kutafuta jibu la swali la mwaka mzima. The Marvels ilitoka Novemba 10, 2023, siku moja baada ya mgomo wa waigizaji kumalizika. Tangu katikati ya Julai waigizaji hawakuruhusiwa kuitangaza.

Jambo la pili ni China. Baada ya Spider-Man: Far From Home ya 2019, hakuna muvi ya Marvel Studios iliyoingia kumbi za China hadi Februari 2023, na ziliporudi umati haukurudi nazo. Upande wa DC, Aquaman (2018) ilipata karibu 300 China pekee ndani ya jumla ya zaidi ya 1,100. Ya pili, Desemba 2023, ilipata zaidi kidogo ya 430 dunia nzima, na China haikufika 70. Ukichukua jumla ya 2018 au 2019 kama kipimo, kwanza toa China, ndipo ulinganishe.

Tena tusipime dunia kwa shangwe za kwetu. Black Panther ilizinduliwa hadi Kisumu, Februari 2018, kwa heshima ya Lupita Nyong'o, na furaha ile ilikuwa ya haki kabisa. Lakini kati ya zaidi ya 1,340 ilizokusanya, 700 zilitoka Marekani na Kanada. Kule A+ yake ndiyo iliyoamua.

BintiHesabu

Nimekubali hoja ya msingi wa kulinganisha, kaka. Ila hata kwa msingi sahihi, B bado ingeiua wiki ya pili.

Karani wa Viti

Kwa wanaotaka kukadiria kabla ya Alhamisi, njia ni kuhesabu viti. Tovuti za kumbi za Marekani huonyesha ramani ya viti, vilivyouzwa na vilivyo wazi.

Chagua kumbi kama 10 na usizibadilishe: nusu za miji mikubwa, nusu za miji midogo na vitongoji. Hesabu viti vilivyouzwa vya Alhamisi tu, mara tatu: siku tiketi zinapofunguliwa, siku 7 kabla, na Alhamisi mchana wao. Fanya hivyohivyo kwa kila muvi ili uwe na daftari la kulinganishia. Ukikuta viti 4,200 kwa muvi mpya na daftari linasema The Fantastic Four ilikuwa na 6,000 saa ileile, chukua 4,200 gawanya kwa 6,000, zidisha kwa 24.4. Unapata 17.

Panapoharibika ni hapa. Viti vilivyofungwa na ukumbi huonekana kama vimeuzwa. Ukiona safu nzima imejaa dakika chache baada ya tiketi kufunguliwa, iache. Ukumbi ukiongeza maonyesho, usihesabu asilimia ya kujaa, hesabu viti vyenyewe. Siku ya kwanza ya mauzo ni ya mashabiki wa damu, hivyo muvi ya mwendelezo itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Za familia hununuliwa dakika za mwisho na zitaonekana ndogo. Linganisha mwendelezo na mwendelezo, shujaa mpya na shujaa mpya.

Kasuku wa Jumapili

Kidogo tu kuhusu saa. Namba za Jumapili, zinazotufikia kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, ni makadirio ya studio. Ijumaa na Jumamosi hutokana na tiketi zilizokwisha kuuzwa, Jumapili yenyewe imekadiriwa. Halisi hutoka Jumatatu. Joker: Folie à Deux (2024) ilitangazwa 40 Jumapili, Jumatatu ikashuka hadi 37.7. Superman ilitangazwa 122, ikapanda hadi 125. Mwelekeo wa sahihisho ni habari tosha: kushuka maana yake watu walishaambiana.

Na wikiendi ya sikukuu angalieni ni siku ngapi. Black Panther ni 202 kwa siku tatu, 242 kwa nne. Mkichanganya, kila kizidisho kitakuwa cha uongo.

Mhasibu Mtulivu

Swali linalofuata huwa ni je, imelipa. Studio hubaki na kama nusu ya tiketi za ndani, karibu asilimia 40 ya nje, na China asilimia 25.

Superman: ndani 354, nje kama 262. Nusu ya kwanza ni 177, asilimia 40 ya pili ni 105, jumla 282. Bajeti 225. Zinabaki 57, na matangazo ya muvi ya ukubwa huo hupita 100. Kwa hiyo ile kanuni ya "zidisha bajeti kwa 2.5" haimaanishi faida imepatikana ukumbini. Inamaanisha kumbi zimerudisha gharama ya kutengeneza na ziada kidogo, halafu matangazo yanasubiri mauzo ya nyumbani na televisheni.

Bajeti yenyewe isichukuliwe kwenye uvumi. Muvi zinazopigwa Uingereza huundiwa kampuni yake, na sheria ya kule inaitaka iwasilishe hesabu ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, pamoja na kiasi kilichorudishwa na serikali. Zinachelewa, lakini mara nyingi zinaonyesha gharama iko juu ya ile iliyotajwa magazetini.

Bajeti ndiyo inayobadilisha maana ya namba. Joker ya 2019 ilitengenezwa kwa chini ya 70 na kukusanya zaidi ya bilioni moja. Ya pili iligharimu karibu 200, ikapata D, ikaanguka asilimia 81, ikaishia 207 dunia nzima.

Mgeni_wa_Pwani

Swali kwa wakubwa: muvi ikifunguliwa Jumanne au Jumatano, kizidisho cha BintiHesabu kinatumikaje?

BintiHesabu

Hesabu kuanzia siku ya kwanza hadi Jumapili kama kipande kimoja. Far From Home ilifunguliwa Jumanne, Julai 2, 2019. Ijumaa hadi Jumapili ilipata 92.6, lakini siku zote sita ni 185, na ndani ikaishia 390. Ukigawanya kwa 92.6 unapata 4.2, utaapa ina pumzi kuliko Wonder Woman. Kwa 185 ni 2.1.