Mjadala: Nyanda za Juu Kusini tudai chumba cha upasuaji wa moyo, au kliniki ya moyo ya kila wiki?

MLETA MADA (muuguzi, Rungwe)

Wadau, salaam. Kila bajeti ikikaribia hoja hii inarudi: Mbeya ijengewe kituo cha upasuaji wa moyo ili watoto wetu wasisafirishwe tena hadi Dar es Salaam. Wanaoisema wana uchungu wa kweli, na mimi ninao. Hata hivyo napinga tuanzie hapo. Fedha ya kwanza iende kwenye kumgundua mtoto mapema na kumfuatilia hukuhuku: mashine ya eko (inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti) na mtu wa kuisoma kila wiki, Mbeya na Iringa, pamoja na kipima oksijeni kwa kila kichanga kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Upasuaji ubaki Dar kwa sasa, ila nauli na kitanda viwe na uhakika.

Sababu yangu ni muda. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, kama 8 au 9 wana hitilafu ya moyo, na takribani robo yao wanahitaji tiba kubwa ndani ya mwaka wa kwanza. Mchukue mwenye tundu kubwa kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo. Damu nyingi mno inakwenda mapafuni. Ananyonya kidogo, anaachia titi, jasho linamtoka kichwani, anahema hadi mbavu zinaingia ndani, kisha anaanza tena. Uzito kwenye kadi ya kliniki hausogei. Nyumbani wanasema ni kifua. Zahanati inaandika nimonia, anapewa dawa, na baada ya wiki chache karudi na nimonia ileile. Bibi anashauri akatwe kimeo, na kweli anakatwa.

Huku nyuma mishipa ya mapafu inazidi kukakamaa kwa presha. Ikifika mahali fulani damu inageuza njia, midomo inakuwa ya bluu, na hapo kulifunga lile tundu kunaweza kumuua mtoto. Hata umfikishe kwa bingwa gani, atakwambia tumechelewa. Chumba cha upasuaji kiwe Dar au kiwe Mwanjelwa, Mbeya, kwa mtoto huyo hakuna tofauti. Naomba tujadiliane.

MDAU WA MBEYA MJINI

Dada yangu, nakuheshimu, lakini hapa napingana na wewe. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inategemewa na mikoa saba: Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Iringa, Njombe na Ruvuma. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, na mama wa Mpanda anakuwa ameshamaliza safari nyingine ndefu kabla hajaiona Mbeya. Akiambiwa arudi baada ya miezi mitatu harudi, wala si uzembe. Ng'ombe alishauzwa safari ya kwanza.

Halafu mnasahau jambo moja. Bingwa aliyesomea moyo wa watoto miaka na miaka, ukimleta mahali ambapo kazi yake ni kujaza fomu za rufaa, ataondoka. Chumba cha upasuaji ndicho kinachowavuta mabingwa na kuwakalisha. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar imeanza mwaka 2015 tu. Kabla yake rufaa nyingi za moyo zilikuwa za India. Wangetumia hoja yako ya "tugundue kwanza", leo tungekuwa bado tunajaza fomu za India.

MLETA MADA

Kaka, kuhusu mabingwa kuondoka una hoja, nitairudia. Ila naomba ufikirie timu yenyewe. Mtoto wa kilo nne anafunguliwa kifua, moyo unasimamishwa, mashine inafanya kazi ya moyo na mapafu. Anahitajika mpasuaji, daktari wa usingizi aliyezoea vichanga, anayeiendesha ile mashine, benki ya damu isiyokauka, na wauguzi wa uangalizi maalumu usiku na mchana kwa siku kadhaa. Kazi hii inakaa mikononi kwa kuifanya mara kwa mara.

Uingereza waliyaona kwa machozi. Hospitali ya Bristol ilikuwa na idara ya upasuaji wa moyo wa watoto. Tume iliyotoa ripoti mwaka 2001 ilikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 watoto wa chini ya mwaka mmoja waliokufa pale walizidi idadi iliyotarajiwa kwa 30 hadi 35. Hiyo ni nchi yenye pesa na madaktari. Tokea hapo wamebishana miaka mingi wakitaka vituo vichache vyenye kazi nyingi, na wazazi wa kule nao wanalia umbali kama wewe unavyolia. Mimi sitaki watoto wetu wawe wa kujifunzia kwenye kituo kinachopasua mmoja kwa mwezi.

MAMA WA MAKAMBAKO

Shikamooni wakubwa. Nichangie kama mzazi. Wangu alikuwa akicheza na wenzake anachuchumaa ghafla, anakaa hivyo, kisha anainuka. Mwalimu alisema mvivu. Siku nyingine analia mpaka anakuwa mweusi midomo na kucha, analegea, tukaambiwa degedege. Hospitali moja, siitaji, walituandikia dawa za kifua mara nyingi bila kumwekea hata kile kifaa cha kidoleni. Aliyemgundua ni daktari wa moyo katika zile huduma mkoba kutoka Dar. Alisema kuchuchumaa ndiyo ilikuwa dawa mtoto aliyojivumbulia, inasaidia damu kwenda mapafuni.

Alifanyiwa upasuaji Dar na anaendelea vizuri, namshukuru Mungu na madaktari. Nisichokiweza ni kurudi. Eko yenyewe haimalizi saa nzima, lakini basi, mahali pa kulala na foleni vinakula wiki, na shamba liko nyuma. Upasuaji ni mara moja. Kumwangalia ni maisha yake yote. Kama ningechagua kimoja kije karibu, ningechagua hicho cha kumwangalia.

MKUNGA, MAKETE

Naunga mkono kupima oksijeni, ila tusione ni jambo jepesi. Utaratibu ni kupima mkono wa kulia na mguu mmoja mtoto akifikisha saa 24. Asilimia 95 kwenda juu, na tofauti ya mkono na mguu isizidi 3, amepita. Chini ya 90, daktari aitwe hapohapo. Za katikati zinarudiwa baada ya saa moja. Sasa viwango hivyo vilipangwa kwa watu wa karibu na usawa wa bahari. Sisi Makete tuko zaidi ya mita 2,000, hewa ni nyepesi, mtoto mzima kabisa anaweza kusoma chini kidogo. Kule Colorado, Marekani, kwenye mwinuko unaokaribiana na wa jiji la Mbeya, walipotumia viwango vya kawaida watoto wazima wengi zaidi walionekana wameshindwa. Tukianza bila kujua kawaida yetu, tutajaza mabasi watoto wasioumwa.

La pili, mleta mada, yule mtoto wa tundu kubwa uliyemweleza, kipima oksijeni hakimwoni. Mwanzoni oksijeni yake ni nzuri tu. Huyo anakamatwa kliniki ya wiki sita, kwa mzani, kwa kumhesabia pumzi akiwa ametulia, na kwa mtu kuweka sikio kifuani. Pia mguse kinenani. Mapigo ya paja yakiwa dhaifu na ya mkono yakiwa na nguvu, huenda mshipa mkuu umebanwa. Hilo halihitaji umeme wala bajeti.

MLETA MADA

Ahsante sana, mama. Ndiyo maana nikaomba na eko. Kila njia inamkamata mtoto wake, na wote wanahitaji mtu wa kuwathibitishia ndani ya wiki moja, huku huku. Viwango vya mwinuko ni kazi ambayo Makete, Mbeya na Iringa zingeweza kuifanya pamoja kwa vichanga wao wenyewe.

KIJANA, SONGEA

Mnazungumza watoto tu. Sisi tuliopasuliwa tukapona tuko wapi? Nilifanyiwa nikiwa mdogo. Kliniki ya watoto wananiambia umeshakuwa mtu mzima. Ya watu wazima wamezoea presha na mishipa iliyoziba, wananiuliza ulifanyiwa nini hasa. Nina kovu la kifua. Karatasi zilipotea tulipohama, na baba aliyekuwa anajua ameshafariki.

Waliozibwa tundu na kupanuliwa njia ya damu ya mapafu, vali ya huko mara nyingi inavuja polepole. Miaka inapita, upande wa kulia unapanuka, siku moja mapigo yanavurugika. Hujisikii kitu mpaka siku hiyo. Nchi tajiri watu wazima wenye hitilafu za kuzaliwa wameshawazidi watoto wenye hitilafu hizo kwa idadi, na wana kliniki zao. Sisi ndio kwanza tunaongezeka. Na dada zetu je? Mwanamke ambaye mapafu yake yameshafikia ile hatua ya damu kugeuza njia, mimba inaweza kumuua, hatari inatajwa kuwa 30 hadi 50 katika kila 100. Anatakiwa ajue kabla hajaolewa, si leba. Ombi langu ni dogo: kila anayepasuliwa apewe karatasi moja ya Kiswahili, alikuwa na nini, kimefanywa nini, arudi lini, asifanye nini, na nakala ibaki hospitali ya mkoa.

MWALIMU WA MICHEZO, IRINGA

Pole kijana, umesema neno zito. Mimi nataka wanamichezo waingie humu. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon Juni 2003 akafa, misuli ya moyo ilikuwa imenenepa na hakuna aliyejua. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen Juni 2021, akashtuliwa moyo palepale, na mwaka uliofuata alikuwa anacheza ligi ya Uingereza akiwa na kifaa cha kushtua moyo kifuani. Na Nwankwo Kanu wa Nigeria, mnamkumbuka: mwaka 1996 vipimo vya klabu yake mpya Italia vilionyesha vali mbovu, akapasuliwa, akarudi kucheza miaka mingi.

Kwa nini Italia? Kwa sababu tangu 1982 sheria yao inamtaka kila mwanamichezo wa mashindano apimwe umeme wa moyo, ule mchoro wa mapigo (ECG). Katika mkoa wa Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kutoka 3.6 kwa kila 100,000 kwa mwaka hadi 0.4. Mimi napeleka vijana UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kwa barua ya mzazi na fomu iliyogongwa muhuri bila kifuani kuguswa. Kila mchezaji apimwe umeme wa moyo, basi.

MLETA MADA

Mwalimu, kwa timu za ligi zinazocheza uwanja wa Sokoine, Mbeya, nakubali kesho asubuhi. Kwa kila mwanafunzi wa UMISSETA nasita. Moyo wa mtu anayefanya mazoezi makali unabadilika, na wanamichezo weusi wazima wengi wanaonyesha michoro ambayo kwa vipimo vilivyotungwa kwa Wazungu ilisomwa kama ugonjwa. Vigezo vya kimataifa vya 2017 vya kusoma michoro hiyo vimerekebisha sana, lakini bila eko ya kuthibitisha, kijana anaandikiwa "moyo mbovu" na anaachishwa mpira maisha yake yote kwa kosa la msomaji. Nimeona pia kinyume chake: watoto waliozibwa tundu dogo wakapona kabisa, shule inawakalisha chini ya mti kila kipindi cha michezo kwa hofu tu, wakati wengi wao wanatakiwa wakimbie.

Tuanze na maswali. Umewahi kuzimia ukiwa unakimbia? Kifua kinabana ukijitahidi? Kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Jibu likiwa ndiyo, umeme wa moyo na eko, bila mjadala. Na uwanjani pawe na mashine ya kushtua moyo na watu wanaojua kukandamiza kifua, maana kila dakika inayopita bila kushtuliwa inapunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kutoka uwanjani hadi hospitali dakika hizo zimeshaisha.

MWALIMU WA MICHEZO, IRINGA

Maswali hayajibiwi kwa ukweli. Kijana anayeota kusajiliwa hatasema alizimia. Foé mwenyewe alikuwa mchezaji wa kulipwa. Bado nasimama na kipimo, angalau kwa wanaovuka ngazi ya mkoa.

MDAU WA MBEYA MJINI

Nimesoma yote, na mama wa Makambako kanigusa. Nakubali eko na kliniki vitangulie, kwa masharti. Moja, kliniki hiyo iwe na bingwa anayeishi Mbeya, asiwe mgeni wa wiki. Mbili, upasuaji wa tundu dogo, ule wa kupitia mshipa wa paja bila kufungua kifua (tundu la ngozi, si la moyo), upangiwe mwaka wake tangu sasa, ndio utakaomkalisha bingwa huyo na ndio msingi wa timu ya kufungua vifua. Tatu, rufaa ya Dar ilipiwe safari ya mgonjwa na mzazi mmoja, na jambo hilo liingie kwenye utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Bila mwaka kuandikwa, "kwa sasa" yako, dada, itakuwa ya vizazi.

MLETA MADA

La kwanza na la tatu nayachukua kama yalivyo. La pili nakubali mwaka uandikwe, ila uandikwe pamoja na idadi: kliniki ikishaonyesha watoto wangapi kwa mwaka wanahitaji upasuaji wa tundu dogo kutoka mikoa hii saba, na wangapi timu inaweza kuwafanyia kwa usalama. Leo idadi hiyo hatunayo kwa sababu hatujawapima.

MDAU WA MBEYA MJINI

Hapo hatujakubaliana. Idadi itasubiriwa na serikali yoyote isiyotaka kujenga. Mwaka kwanza.