Ada ya risachi nimelipa, supavaiza simwoni. Nifanyeje?

Wadau, leo acheni niseme, nimejaa hadi hapa shingoni.

Niko mwaka wa tatu, chuo kimoja cha Kampala (jina silitaji, bado nataka kuvaa joho). Ninaandika historia: Kiswahili cha kambini, kile cha askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), kilivyofika hadi Bombo, mji wa kambi ya jeshi kaskazini ya Kampala, na kwa nini Amin alipokitangaza lugha ya taifa mwaka 1973 raia wengi waliendelea kukisikia kama lugha ya bunduki. Nimehoji wazee 11. Nauli yangu, sukari yangu, maana kwa mzee huendi mikono mitupu. Nimerekodi na kunakili neno kwa neno, usiku kucha.

Sura tatu nilimpelekea supavaiza mwezi wa pili, ndani ya bahasha. Tangu hapo ofisi ina kufuli, simu "niko kikaoni". Wiki iliyopita nikamvizia kwenye ngazi. Akaniambia: "Watu 11 ni wachache, tafuta 100, uwape dodoso." Dodoso! Mzee wa miaka 80 anakusimulia baba yake alivyokwenda vitani Burma, wewe umwambie aweke tiki kwenye "nakubali sana"? Na bahasha alikuwa nayo kwapani, gundi haijaguswa.

Msidhani watu wa sayansi wana nafuu. Ninayekaa naye hosteli anapima vijidudu vya kinyesi kwenye chemchemi za Bwaise na Kalerwe, zile watu wanachota maji na vyoo vya shimo viko mita chache tu kutoka hapo. Maabara ikamwambia agari, ile rojo ya kuoteshea vijidudu, anunue mwenyewe. Akanunua. Maji ya kupima hayangoji, yakilala hayana maana tena. Basi kafika na chupa zake kwenye ndoo ya barafu, mwenye ufunguo kaenda mazishini kijijini, na ufunguo kaenda nao. Kamwaga yote. Safari ya pili umeme ukakatika usiku, inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea, ikapoa.

Na kwenye karatasi ya ada kuna mstari "risachi", tunalipa. Unanunua nini mstari huo?

Halafu mnawashangaa wanaokwenda kuandikiwa kwenye vibanda vya Wandegeya. Mwenzetu mmoja darasani alilipa, akapewa kazi ya watu 100, majedwali yamenyooka kama mistari ya gwaride. Supavaiza yule yule alisaini baada ya siku mbili. Hao watu 100 hawajazaliwa.

Sasa naombeni msaada wa kweli, si pole. Nani aliwahi kubadilishiwa supavaiza katikati ya kazi? Barua uliandika kwa mkuu wa idara au ulimruka ukaenda kitivoni? Na walikulipizia kwenye maksi? Mwisho wa kuwasilisha ni tarehe 30.

Mzee mmoja wa Bombo hunipigia kila Ijumaa baada ya swala, anauliza kitabu chake kitatoka lini. Ijumaa hii sikupokea.