Chuo kidogo cha sanaa huria Ohio, chuo kikuu cha jimbo, au JKUAT: kipi kitamfaa binti wa uhandisi?

Mama Rukia (Mombasa)

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote. Naomba ulinganisho kutoka kwa wanaovijua vyuo vya Marekani. Rukia amepata A ya hesabu na A- ya fizikia katika KCSE, na anataka uhandisi wa umeme. Ni mpole; darasani hasemi mpaka aulizwe.

Nafasi alizonazo ni tatu. Chuo kidogo cha sanaa huria huko Ohio, chenye wanafunzi 1,600, na mji wenyewe ni mdogo. Gharama zote ni dola 84,000 kwa mwaka. Wanatoa ruzuku 69,000 na kazi ya chuoni 2,800, kwetu zinabaki 12,200. Cha pili ni chuo kikuu cha jimbo jirani, wanafunzi zaidi ya 40,000: gharama 52,000, punguzo 12,000, kwetu 40,000. Cha tatu ni JKUAT, chuo kikuu cha umma hapa Kenya, kilichoko Juja: uhandisi wa umeme na elektroniki, kupitia KUCCPS, mfumo wa serikali wa kuwapangia wanafunzi vyuo.

Hofu zangu: hicho chuo cha Ohio hapa kwetu hakuna anayekijua, sielewi "sanaa" na umeme vinakutana wapi, na mtoto mpole katika darasa la watu kumi na wawili atafanyaje? Jibu linatakiwa kufikia tarehe 1 Mei.

Mwalimu wa Fizikia

Mama Rukia, jina ndilo linalowababaisha wengi. "Sanaa huria" hapo si uchoraji wala muziki, na wala si chuo huria cha kusomea nyumbani. Maana yake ni shahada ya kwanza ya miaka 4 ambapo mwanafunzi huchukua masomo ya fani mbalimbali, kisha anachagua fani kuu mwishoni mwa mwaka wa pili. Fizikia, kemia, hesabu na kompyuta zimo kikamilifu. Ila cheti mara nyingi huandikwa BA (shahada ya sanaa) hata kwa aliyesoma fizikia, na hilo huwatia watu wasiwasi bure.

Vyuo hivi havina wanafunzi wa uzamili, au wanao wachache mno. Kwa hiyo anayefundisha fizikia ya mwaka wa kwanza ni profesa mwenyewe, na vifaa vya maabara havina foleni ya watafiti mbele ya mtoto. Katika chuo kikuu cha jimbo, mhadhara wa fizikia ya kwanza unaweza kuwa na watu 200 au 300, na vipindi vya mazoezi huongozwa na wanafunzi wa uzamili.

Udogo nao una gharama yake, na hii haiandikwi kwenye vipeperushi. Idara ya fizikia inaweza kuwa na maprofesa 4 au 5 tu. Mmoja akienda likizo ya utafiti, somo la juu halifundishwi mwaka huo. Masomo kama fizikia ya kwanta na sumaku-umeme huweza kutolewa mwaka mmoja, kisha kurukwa mwaka unaofuata. Mwanafunzi aliyechelewa kuanza kalkulasi (hesabu ya kutofautisha na kuunganisha) anakuta mlango umefungwa mpaka mwaka wa nne.

Namna ya kuhakiki: usisome orodha ya masomo ya chuo, maana orodha hiyo ina kila somo walilowahi kulifikiria. Omba ratiba halisi za mihula 4 iliyopita. Hesabu ni masomo mangapi ya fizikia ya mwaka wa tatu na wa nne yalifundishwa kweli. Kisha uliza ni wangapi walihitimu fizikia mwaka jana. Wakiwa 2, darasa la juu linaweza kufutwa kwa kukosa watu.

Na kwa aliyetoka KCSE: hesabu ya kidato cha nne inafika kutofautisha na kuunganisha polinomia, haiendi mbali zaidi. Aanzie Kalkulasi ya 1 bila kuona haya, lakini aianze muhula wa kwanza kabisa, Agosti ileile. Akiiahirisha hata muhula mmoja, fizikia yote inasogea nyuma.

Mhandisi Juja

Mwalimu amesema kweli yote, ila hajagusa neno "uhandisi". Vyuo vingi vya sanaa huria havifundishi uhandisi. Vinavyofundisha ni vichache, kama vile Swarthmore, Smith ambacho ni cha wanawake, Lafayette, Harvey Mudd, Union na Trinity cha Connecticut. Vingine hutoa mpango wa 3-2, yaani miaka 3 chuo kidogo, kisha 2 kwenye chuo cha uhandisi walichoafikiana nacho, na mwisho digrii mbili.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapojikwaa. Ruzuku ya 69,000 ni ya chuo kidogo. Akihamia chuo cha pili, anaomba ufadhili upya, na kwa mwanafunzi wa kigeni chuo hicho hakilazimiki kumpa hata senti. Wengi hukwama mwaka wa tatu kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya alama. Muulizeni msimamizi wa 3-2 kwa maandishi: katika miaka mitano iliyopita ni wanafunzi wangapi wa kigeni walivuka, na walilipiwa na nani? Akijibu kwa maneno matamu bila namba, jibu mmelipata.

Kisha EBK, bodi ya wahandisi ya Kenya. Bodi yetu husajili wenye digrii ya uhandisi. BA ya fizikia, hata iwe nzuri namna gani, haimfanyi mtu kuwa mhandisi mhitimu hapa. Kama nia ni kurudi na kusaini michoro ya umeme, JKUAT ya miaka 5 ndiyo njia iliyonyooka, na karo ya mwaka mzima haikaribii hata kidogo hizo 12,200. Kama nia ni utafiti, kompyuta, au uzamili wa uhandisi huko huko, fizikia kutoka chuo kidogo ni mlango mzuri sana.

Hesabu Kwanza

Twende kwenye barua ya ufadhili. Mama Rukia, hiyo 12,200 ni ya mwaka wa kwanza tu. Gharama za vyuo hivi hupanda karibu kila mwaka. Tuchukue asilimia 4. 84,000 inakuwa 87,360, kisha 90,854, kisha 94,489. Kama ruzuku ni kiasi kilichofungwa, 69,000 kila mwaka, mzigo wenu utakwenda hivi: 12,200, 15,560, 19,054, 22,689. Jumla ni karibu 69,500, wakati wewe ulikuwa unapiga hesabu ya 48,800. Tofauti ya dola 20,000 na ushei imejificha katika neno moja la barua.

Neno lenyewe: tafuta kama ruzuku imetolewa kwa uwezo wa masomo au kwa mahitaji ya familia. Ya uwezo mara nyingi hubaki palepale mpaka mwisho, na huwa na sharti la wastani wa alama. Ya mahitaji hupimwa upya, na katika vyuo vinavyoahidi kuziba pengo lote hupanda pamoja na karo. Ulizeni hivi: "Karo ikipanda na kipato chetu kikabaki vilevile, mchango wetu mwaka wa nne utakuwa kiasi gani?"

Kuna na kodi, ambayo wengi huijua wameshafika. Sehemu ya ruzuku inayolipa masomo haikatwi. Sehemu inayozidi masomo na kuingia kwenye chumba na chakula hukatwa asilimia 14 kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuipunguza. Mfano: masomo yakiwa 64,000 na ruzuku 69,000, zile 5,000 zinakatwa 700 kwa mwaka. Bili hiyo hutokea ghafla kwenye akaunti ya mtoto chuoni, na isipolipwa anaweza kuzuiwa kujisajili muhula unaofuata.

Zile 2,800 za kazi nazo si punguzo la bili. Ni mshahara atakaoupata kidogo kidogo akifanya kazi maktaba au jikoni, na sheria inamruhusu saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Agosti bado hana hata senti ya hizo, kwa hiyo bili ya kwanza ihesabuni bila kazi. Ongezeni dola 350 za SEVIS (ada ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa kigeni), tiketi ya ndege, na koti la baridi. Bima ya afya ni ya lazima vyuo vingi na inaweza kupita 2,500; hakikisha imo ndani ya 84,000.

Chuo cha jimbo kwa 40,000 ni 160,000 kwa miaka minne kabla ya nyongeza yoyote. Kina uhandisi, ni kweli, lakini msikichukue kwa kutegemea ufadhili wa baadaye. Kwa mgeni wa shahada ya kwanza, mwaka wa pili ni nadra kuongezewa.

Bi Mwanasha

Kuhusu upole wa Rukia, mimi naona darasa dogo linamfaa kuliko mhadhara wa watu 300. Kwenye mhadhara, mtoto akinyamaza hakuna anayejua mpaka mtihani wa kati umtoboe. Kwenye darasa la 12, profesa anaona wiki ya pili na kumwita ofisini.

Lakini ajue sheria ya mchezo: ushiriki darasani huweza kubeba asilimia 10 hadi 20 ya alama, hasa katika semina ya mwaka wa kwanza. Sisi tumelelewa kunyamaza mbele ya mwalimu kuwa ni adabu. Kule kunyamaza kunasomwa kama hajajiandaa. Aandike swali moja na hoja moja usiku wa kuamkia somo, na azitoe katika dakika kumi za mwanzo, kabla wasemaji hawajaliteka darasa. Na saa za ofisi za profesa si za waliofeli. Aende kila wiki, hata kwa dakika kumi.

Mambo ya kuuliza ambayo hayamo kwenye barua: mabweni yanafungwa wiki ngapi kati ya Desemba na Januari, anayebaki analipa kiasi gani, na ukumbi wa chakula unafanya kazi? Uwanja wa ndege uko umbali gani, na kuna basi la chuo? Mji mdogo bila gari ni kama kisiwa bila mtumbwi.

Ramadhani kwa miaka hii inaangukia kati ya Januari na Machi, katikati ya muhula. Ukumbi hufunguliwa asubuhi daku imeshapita. Ulizeni kama wanafungasha daku ya kwenda nayo bwenini, nyama ya halali inatoka wapi, na kama mpango wa chakula unaweza kupunguzwa bei. Chuo kilichozoea Waislamu hujibu siku hiyohiyo. Kisichozoea kitakuelekeza kwenye meza ya mboga.

Mkaguzi

La jina kutojulikana lisikusumbue sana. Wangari Maathai alimaliza biolojia mwaka 1964 katika chuo kidogo cha Wakatoliki cha wanawake, Atchison, Kansas. Kofi Annan alimaliza uchumi mwaka 1961 Macalester, Minnesota.

Kinachotakiwa kukusumbua ni kama chuo kitakuwepo miaka minne ijayo. Birmingham-Southern cha Alabama kilifungwa 2024, na Wells cha New York kikafungwa mwaka huohuo. Angalia vitu vitatu: ithibati (kwa Ohio ni Higher Learning Commission, tovuti yao inaonyesha kama chuo kina onyo), idadi ya wanafunzi kwa miaka mitano, na fomu 990, taarifa ya fedha ya kila mwaka ambayo vyuo vingi vya binafsi visivyo vya faida hujaza na iko wazi kwa umma. Wanafunzi wakipungua kila mwaka na matumizi yakazidi mapato miaka mitatu mfululizo, kaa mbali.

Na kuhusu kufanya kazi baada ya kuhitimu: OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi kwa viza ya mwanafunzi, ni miezi 12, na fani za sayansi huongezewa 24. Kinachoamua ni namba ya fani kwenye I-20 (fomu ambayo chuo humpa mwanafunzi ya kuombea viza), wala si BA au BS (shahada ya sayansi). Fizikia inahesabiwa.

Mama Rukia (Mombasa)

Mwenyezi Mungu awalipe. Niliwaandikia chuo, wamejibu. Maprofesa wa fizikia ni 5, mmoja atakuwa likizo mwaka ujao. Kwanta hutolewa mwaka mmoja, kisha hurukwa mwaka unaofuata. Ruzuku ni ya mahitaji, na wameandika kwamba hupanda karo ikipanda. Bima imo. Daku wanafungasha. Ila kwa 3-2 wamesema katika miaka mitano alivuka mgeni mmoja tu, na familia ilijilipia.

Rukia mwenyewe anasema akikosa uhandisi angependa kompyuta pamoja na fizikia.

Mhandisi Juja

Basi 3-2 ifuteni kabisa kwenye hesabu. Ulinganisho uliobaki ni fizikia na kompyuta Ohio dhidi ya uhandisi Juja. Kama kweli kompyuta inamvutia na haisemi kwa kukuridhisha wewe, Ohio imeshinda. Mkae naye mbali na simu, aangalie masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili ya pande zote mbili, aseme yapi angeyasoma hata bila mtihani. Nafasi ya KUCCPS msiiachie mpaka I-20 na viza ziwe mkononi.

Hesabu Kwanza

Hiyo ahadi ya ruzuku kupanda, chapisha barua pepe uiweke faili moja na barua ya ufadhili. Maofisa hubadilika.

Na tarehe 1 Mei ni ya saa za Ohio: dakika ya mwisho kule ni saa moja kasoro dakika moja asubuhi ya tarehe 2 huku kwetu. Msingoje mpaka hapo. Kadi nyingi za benki hukataa malipo ya dola ya mara ya kwanza mpaka uipigie benki simu waifungue, na benki haifungui alfajiri. Lipeni amana ya kushikilia nafasi mapema wiki hiyo. Kama kuilipa ni mzigo, ombeni ofisi ya udahili waisamehe. Vyuo vingi husamehe wenye ruzuku ya mahitaji, kwa barua pepe ya mistari mitatu.